Kabla Boti Haijagusa Maji

Mkazi wa Mlandege anayetaka kutoka mjini mwishoni mwa wiki na kupanda boti ana njia mbili. Ya kwanza ni barabara ya Dodoma: unaiacha Manispaa ya Iringa, unapita Isimani, unateremka kona za Nyang'oro, unazipita Izazi na Migoli, na karibu nusu ya njia unalikuta Bwawa la Mtera. Ya pili ni safari ya siku nzima: Mafinga, Makambako, Uyole, Tukuyu, Kyela, hadi Matema, pale Ziwa Nyasa linapogota chini ya Milima ya Livingstone. Njia zote mbili zinalipa uchovu wake. Ila wengi wanaokwenda huko kustarehe wanaacha nyuma utando wa mafuta, chupa, vipande vya mshipi na vifungashio vya chipsi, na wengi wao si watu wabaya. Wamefika majini hawajajiandaa, basi.

Naamini kabisa kwamba uharibifu mwingi wa boti za starehe hutengenezwa nchi kavu, safari haijaanza. Hutengenezwa kwenye dumu la petroli lililojazwa pomoni, kwenye deli la vinywaji, kwenye boti iliyotoka maji mengine bila kuoshwa, na kwenye makubaliano yako na nahodha. Ukishafika katikati ya bwawa, mashine inachuruzika na mtoto amebanwa na haja, huna tena nafasi ya kuchagua. Ndiyo maana mbinu nyingi ninazozieleza hapa zinaanzia uani kwako, siku moja kabla.

Yajue maji unayoyaendea

Mtera si ziwa la asili. Ukuta wake ulijengwa nusu ya pili ya miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya Kidatu iliyo chini zaidi, na mwaka 1988 Mtera penyewe pakaanza kuzalisha umeme, megawati 80. Bwawa likijaa hutanda zaidi ya kilomita za mraba 600. Maji yakitoka hapo yanakwenda Kidatu, kisha yanaingia Rufiji na kufika kwenye Bwawa la Julius Nyerere. Kabla ya hapo yametoka kwetu: Ruaha Mdogo, mto uleule unaotunywesha sisi wa Iringa, unaungana na Ruaha Mkuu juu ya Mtera. Chupa iliyotupwa mtaroni Mlandege mwezi wa kwanza, mvua zikipiga, inaweza kufika bwawani kabla hujapanga safari yako. Anayejali usafi wa Mtera aanze na mtaro ulio mbele ya mlango wake.

Kwa kuwa ni bwawa la umeme, maji yake hupanda na kushuka. Kiwango cha juu cha maji ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na kiwango cha chini kinachoruhusu kuzalisha umeme ni mita 690. Hizo ni mita 8 na nusu za tofauti, na mahali penyewe ni tambarare, kwa hiyo ufukwe wa mwezi wa tano na ufukwe wa mwezi wa kumi na moja vinaweza kuwa mbali sana. Ushauri wangu ni huu: kama unataka boti ya mashine, nenda mvua zinapoisha, bwawa likiwa limeshiba. Miezi ya mwisho wa kiangazi iache kwa wenye makasia. Wakati huo maji yamepungua, samaki wamesongamana, na propela inatifua tope badala ya kusukuma maji.

Nyasa ni habari nyingine. Ni ziwa lenye kina cha mita 700 hivi, na mto unaotoka humo ni mmoja tu, Shire, ulio upande wa kusini kabisa. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke haubebi oili wala sumu. Kinachomwagwa Matema hakina haraka ya kwenda popote. Halafu chini ya mita 250 hivi maji hayana oksijeni, na hayachanganyiki kwa urahisi na yale ya juu, hivyo viumbe wote wanaotegemea oksijeni wanaishi katika tabaka la juu, lilelile tunalopitishia boti. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki, na wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani.

Makubaliano na mwenye chombo

Wengi wetu hatuna boti. Tunakodi kwa wavuvi, na hapo ndipo mgeni ana nguvu kuliko anavyodhani, kwa sababu mwenye chombo atafanya unachokilipia. Tatizo ni kwamba tunajadili bei tu. Tunapunguziwa elfu mbili, tunafurahi, tunapanda.

Jadili mambo mengine pia, na uyajadili kabla ya bei. Mtera ukifika mwaloni wataona umetoka mjini, watakuletea boti ya mashine. Waambie kwa heshima: "Shikamoo mzee. Sisi hatuna haraka, tunaomba mtumbwi wa makasia, tutembee taratibu pembezoni mwa miti. Tutakulipa kama vile tumepanda mashine." Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito. Mzee anayepiga kasia ametoa jasho, anaijua njia ya viboko, na hakuchoma hata tone la petroli. Kumlipa pungufu kwa sababu hana mashine ni kumwambia akanunue mashine. Mtumbwi una mipaka yake, bila shaka: usipakie watu kuliko anavyosema mwenyewe, na kila mtu avae jaketi okozi, hata anayejua kuogelea. Usalama wa vyombo vidogo unasimamiwa na TASAC, shirika lililoanza kazi mwaka 2018. Ukikuta boti haina namba ya usajili wala majaketi, tafuta nyingine.

Kama safari ni ndefu na mashine haiepukiki, uliza swali moja: ni mashine ya kuchanganya oili na petroli, au ni ile yenye oili yake peke yake? Zile za kuchanganya ndizo nyingi kwenye maziwa yetu kwa sababu ni nyepesi na fundi yeyote anazifungua. Lakini kwa jinsi zinavyofanya kazi, petroli mbichi inaingia kwenye silinda wakati moshi unatoka, na sehemu yake inatoka nao bila kuungua. Kwa mashine za zamani kiasi hicho kinaweza kufika robo ya mafuta yote. Yaani lita moja katika kila nne unazonunua kwenye kituo cha mafuta Iringa inaishia majini na hewani bila kukusogeza hata hatua moja. Mashine yenye oili yake peke yake haina kasoro hiyo. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua hiyo.

Ukipewa ile ya kuchanganya, simama pale anapochanganya. Nyingi zinataka sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, na kitabu cha mashine ndicho chenye kauli ya mwisho. Kwa dumu la lita 20 hiyo ni mililita 400 za oili, wala si kopo zima. Mafundi wengi wa mialoni wanaongeza oili kwa kukadiria, wakiamini wanailinda mashine. Matokeo yake ni moshi mzito, plagi zinazoziba na utando unaoifuata boti kila inakokwenda. Beba chupa yenye alama za vipimo, iwe yako, na umpe nahodha aitumie. Oili nayo iwe ya mashine za boti, isiwe ile inayouzwa kwa ajili ya pikipiki. Hakuna nahodha aliyewahi kuchukia kuokoa pesa ya oili.

Petroli, ngama na sufi

Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, asubuhi kuna baridi ya kuvaa sweta. Mtera ni kama mita 700, na jua lake linajulikana. Petroli iliyojazwa kwenye dumu asubuhi ya baridi hupanuka kwenye joto la bondeni, dumu linavimba, na ukifungua mfuniko inaruka. Basi usijaze hadi shingoni. Acha nafasi kama ya sehemu moja ya kumi, tumia chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mafuta chenye mfuniko unaokaza, na ukifika kifungue taratibu kivulini. Kujaza tangi la boti kufanyike nchi kavu, tangi likiwa limeshushwa chini, kwa faneli na tambara la pamba mkononi. Mwaloni utaona watu wakijaza boti ikiwa inayumba majini, mmoja kashika dumu na mwingine kashika tangi. Hapo ndipo kijiko kimoja baada ya kingine kinapodondoka.

Sasa tazama chini ya miguu yako, kati ya mataruma ya boti. Kuna maji pale, ndiyo ngama. Yana mchanga, magamba ya samaki, na juu yake yana petroli iliyovuja kwenye mpira wa tangi na oili iliyodondoka kwenye mashine. Kijana wa boti anayachota kwa kidumu kilichokatwa nusu na kuyamwaga ubavuni. Ukiangalia yanapoangukia, utaona doa dogo likifunguka na kutanda kwa rangi za upinde wa mvua, kijani, zambarau, manjano, mpaka limekuwa pana kuliko boti yenyewe. Kilichomwagika ni kama kifuniko cha soda cha mafuta. Utando huo ukifika kwenye maji ya kina kifupi unagusa mayai ya samaki na wadudu wanaopumulia juu ya maji, na unagusa pia ndoo ya mama anayechota.

Dawa yake ni sufi. Sufi ya msufi, ile ya kujazia mito, ina tabia ya ajabu: inakataa maji na inakunywa mafuta. Kwa tabia hiyohiyo ya kukataa maji na kuelea, zamani ilijazwa kwenye majaketi ya kuokolea. Chukua mto uliochakaa, toa sufi, ijaze kwenye soksi kuukuu mbili au tatu, funga mdomo kwa uzi. Weka moja chini ya tangi na nyingine nyuma karibu na mashine, ndani ya ngama. Zitafanya kazi kimya kimya safari nzima, na ukifika wakati wa kukumba maji, mafuta mengi yatakuwa yamekwisha kunaswa. Kama huna sufi, matambara ya pamba yanasaidia, ila yanakunywa maji pia, hivyo yanajaa haraka. Ukirudi, soksi hizo zitie kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na jiko na sigara, uzipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu. Usizichome ufukweni wala usizifukie.

Sabuni usiimwage kwenye ngama. Wengine humwaga ya unga au ya maji ili utando upotee, nao unapotea kweli machoni, lakini mafuta hayajaenda kokote. Yamekatika vipande vidogo sana na kuchanganyika na maji, na yanaingia kwenye matamvua ya samaki pamoja na sabuni yenyewe.

Mzigo wa chakula

Hapa sina maneno mengi. Fungua kila kilichofungashwa ukiwa nyumbani, plastiki ibaki Mlandege. Wali na kuku viingie kwenye hotipoti, maji kwenye chupa za kujaza tena, karanga kwenye bakuli lenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini vifungashio vya biskuti na chupa za soda bado vipo kila mahali, na upepo wa bwawani unavinyakua mkononi. Funga kiroba kimoja kwenye ubao wa kukalia kwa kamba, kiwe cha taka, na mtoto mkubwa kuliko wote apewe kazi ya kukilinda. Kirudi kimejaa hadi mjini. Usikiache Migoli ukidhani kijiji kina gari la taka.

Ukiwa juu ya maji, Mtera

Maji yalipopanda Mtera yalifunika pori, na mpaka leo vigogo vya miti iliyokufa vimesimama majini, mibuyu ikiwamo. Nahodha mgeni anaviona ni kero kwa sababu vinatoboa boti. Kwa ndege ni makazi. Mnandi wanakausha mabawa juu yake, furukombe wanatazamia samaki kutoka huko, na makorongo wanafanya viota. Mwari utawaona pia, wakiwa kundi. Mbinu ya kuwatazama bila kuwaumiza ni kuzima mashine mapema, mita 100 au zaidi kabla ya miti, na kumalizia kwa kasia. Kisha waangalie wenyewe. Ndege anayechokonoa manyoya hana wasiwasi na wewe. Akinyoosha shingo na kutulia ghafla, umefika mwisho wa ruhusa yake, usisogee. Akiruka, umeshapita. Na kama alikuwa juu ya mayai, jua la Mtera linayapika hayo mayai wakati nyinyi mnapiga picha. Spika ya muziki ibaki garini. Usivunje tawi kavu kwa ajili ya kuni za kuchomea samaki, wala usifunge kamba kwenye mti wenye kiota.

Kwenye maji ya kina kifupi, inama utazame chini kabla hujateremsha mashine. Pale penye mchanga au tope laini utaona mashimo ya duara, kama sahani zilizopangwa. Hayo ni ya perege. Dume huchimba shimo na kulisafisha, jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai na kuyatunza mdomoni mwake mpaka vifaranga vinapoweza kuogelea. Propela ikipita juu ya mashimo hayo mara moja, tope linafunika kazi ya siku nyingi. Inua mashine mapema, ingia kwa upondo. Kama huna upondo, kata ufito nyumbani uje nao. Samaki wa Mtera wanauzwa mpaka Iringa na Dodoma, kwa hiyo perege unayemlinda hapo utakutana naye tena sokoni.

Mwendo nao ni uharibifu usioonekana. Mitumbwi ya wavuvi inakaa chini sana, ukingo wake unakaribia maji, na wimbi la boti yako linaweza kuijaza. Wimbi hilohilo linakwenda kuubomoa ukingo na kutia tope pale watu wanapochota. Geuka nyuma uangalie: ukiona wimbi lako linapasuka jeupe ufukweni, punguza. Karibu na mwalo, mwendo uwe wa mtu anayetembea.

Maboya ya chupa yanayoelea kwa mstari ni nyavu za mtu. Zunguka. Ukishanasa, zima mashine, inua, fungua wavu kwa mikono hata kama itachukua nusu saa. Kisu kikiupitia, kipande kilichokatika kitaendelea kuvua samaki wa kuoza bila mwenyewe. Umeuharibu? Uliza viongozi wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi pale mwaloni mwenye wavu ni nani, umlipe. Na kama wewe mwenyewe unavua kwa burudani, leseni inatakiwa; ofisa uvuvi wa wilaya ndiye wa kumwona. Mshipi uliokatika na chubwi za risasi virudi kwenye kiroba.

Viboko nao wapewe heshima yao. Usikae kati ya kiboko na kina kirefu, maana akishtuka anakimbilia huko, na wewe uko njiani. Gonga ubavu wa boti mara kwa mara ili ajue unakuja, na rudi jua lingali juu, kwa sababu jioni wanatoka kwenda kula nyasi. Mamba yupo pia: mikono ikae ndani ya boti.

Ukiwa Matema

Upande wa Nyasa, jambo la kwanza ni upepo. Kati ya mwezi wa tano na wa nane upepo mkali wa kusini mashariki unapanda ziwani na mawimbi yake yanafika Matema yakiwa makubwa. Wenyeji wanaondoka alfajiri, maji yakiwa yametulia, na wewe fuata ratiba yao. Safari ya mtumbwi kwenda Ikombe, kwa Wakisi wafinyanzi, inapendeza asubuhi kuliko mchana, na kasia linatosha. Siku ya Jumamosi vyungu vyao viko sokoni Lyulilo, mwendo mfupi kutoka Matema.

La pili ni nanga. Pale milima inapoingia ziwani kuna miamba, na kwenye miamba kuna mbuna, samaki wadogo wa buluu, njano na zambarau ambao wengi wao hawatoki kwenye jiwe lao. Sehemu moja ya ufukwe ina aina yake, na ukivuka mchanga mpana unakuta wengine wenye rangi tofauti. Wanakula mwani uliojishikiza juu ya mawe hayo. Jiwe la nanga likiburuzwa hapo linakwangua chakula na nyumba kwa pamoja. Tia nanga kwenye mchanga, au funga kamba kwenye mti ufukweni. Usimtoe mbuna mahali pamoja ukamwachie pengine kwa kumwonea huruma au kwa kutaka kupamba ufukwe wa hoteli. Atachanganyika na wasio wake, na kilichochukua maelfu ya miaka kujitenga kitafutika.

Wakati wa mvua, mbasa wanapanda mitoni kwenda kuzaa. Wanaingilia midomo ya mito kama Lufilyo. Kaa mbali na midomo hiyo kipindi hicho, usipitishe mashine wala usitege ndoana. Mbasa ni samaki ambao Kyela inajivunia, na wamepungua mno.

Haja

Watu wanaona haya kulisema, ndiyo maana linaharibika. Kichocho kinaishi kwa mzunguko mfupi: mayai yanatoka na mkojo au kinyesi cha binadamu, yanaanguliwa majini, yanaingia kwenye konokono, yanatoka humo na kupenya ngozi ya anayeoga au kuchota. Anayejisaidia kutoka kwenye boti anaweza kuupa mzunguko huo mwanzo mpya. Kila mtu aende choo kabla ya kupanda. Kwa safari ya zaidi ya saa mbili na watoto, beba ndoo yenye mfuniko na majivu kidogo chini, mkaimwage chooni mkirudi. Ukikwama ufukweni pasipo choo, nenda mbali na maji angalau mita 60, chimba shimo la kina cha kiganja, ufukie. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetaja mita hizohizo 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa kuwa eneo la kulindwa dhidi ya shughuli zinazoharibu, hivyo namba ni rahisi kuikumbuka. Vyombo na nguo zenye sabuni vioshewe umbali huohuo.

Ukirudi, au ukihamia maji mengine

Sehemu hii inawahusu hasa wenye boti zao za kujaza upepo na kayaki za kufunga kwenye keria, ambao wanaongezeka. Mtera ni maji ya Rufiji, yanakwenda Bahari ya Hindi kupitia pwani yetu. Nyasa inatoka kwa Shire, inaingia Zambezi, inaishia Msumbiji. Nyanda zetu za Juu Kusini ndizo zinazotenganisha mabonde hayo mawili. Samaki, konokono na magugu ya upande mmoja hayawezi kupanda milima na kushukia upande wa pili. Gari lako linaweza, kwa siku moja, likiwa na boti iliyolowa juu yake.

Hatari hiyo imeshaonekana kwingine. Gugu maji la Amerika Kusini lilionekana Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na ndani ya miaka michache lilikuwa limefunga mialo na bandari. Mmea huo ukipata mazingira mazuri unaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, na kipande kimoja kinatosha kuanza. Marekani, kome wadogo wenye mistari walioingia Maziwa Makuu ya huko kwa maji ya meli katika miaka hiyohiyo walisambazwa hadi maziwa ya ndani na boti za starehe zilizokokotwa na magari. Leo kuna majimbo ambayo hayakuruhusu uteremshe boti kabla haijakaguliwa.

Kwa hiyo kila unapoitoa boti majini, fanya mambo matatu palepale ufukweni, mbali na ukingo. Ondoa kwa mkono kila jani, mzizi na tope, hasa kwenye propela, kwenye kamba ya nanga na kwenye mikunjo ya mpira. Mwaga maji yote, ya ngama, ya ndoo ya chambo, na yaliyobaki ndani ya mashine. Kisha ukifika nyumbani ioshe kwa maji safi na uianike juani siku tano au zaidi kabla ya kuipeleka kwingine. Viatu na majaketi nayo yakauke. Chambo kilichobaki kisimwagwe majini.

Ukikuta mmea unaoelea usioujua, wenye majani mazito na mizizi inayoning'inia, usiung'oe ukautupa pembeni, maana vipande vitasafiri. Upige picha, andika mahali ulipouona kwa kutaja mwalo au kijiji, umweleze ofisa uvuvi, kisha peleka taarifa kwenye bodi ya maji ya bonde husika. Ya Bonde la Rufiji ina ofisi zake hapahapa Iringa, na ya Bonde la Ziwa Nyasa iko Tukuyu, njiani ukitoka Matema.